Ubikwinoni kwenye krimu ya uso: ni jamii ya haidrokwinoni, na je, kweli huipa ngozi nguvu?

BintiWaTanga anauliza:

Habari za leo, ndugu zangu. Nimeshavuka miaka arobaini, ngozi yangu ni kavu kwa asili, na mikunjo midogo imeanza kujitokeza pembeni mwa macho. Hivi karibuni nimeuziwa krimu ya usiku ambayo mwenye duka aliisifia kwamba ina Q10, yaani kitu kilekile kinachozalisha nguvu ndani ya seli, na kwamba nikiipaka kila usiku seli za ngozi zitapata nguvu mpya na mikunjo itajifuta yenyewe. Nilipoisoma orodha ya viambato iliyo nyuma ya boksi sikuiona Q10 mahali popote. Nilichokiona, karibu na mwisho wa orodha, baada ya manukato, ni neno Ubiquinone. Wifi yangu alipolisoma akanitaka niirudishe krimu dukani mara moja, kwa hoja kwamba kila kinachoishia na "kwinoni" ni jamii ya haidrokwinoni, ile dawa ya mkorogo iliyopigwa marufuku.

Naomba kufahamishwa kama wifi ana haki ya kuogopa, na kama hana, basi maneno ya mwenye duka yana ukweli kiasi gani. Krimu yenyewe imo katika kopo la kioo lenye mdomo mpana, nami huliweka mezani karibu na dirisha linaloingiza jua la asubuhi. Sijui kama hilo nalo lina madhara. Sitafuti weupe. Ninataka tu kujua kama fedha yangu imekwenda mahali pa maana.

MfamasiaKisauni:

Dada, kwanza mfikishie wifi salamu zangu, kwa sababu mtu anayesoma boksi kabla ya kujipaka ni bora kuliko kumi wanaojipaka kabla ya kusoma. Ubiquinone ndilo jina rasmi la Q10 katika orodha za viambato vya vipodozi duniani kote. "Q10" ni jina la sokoni, nalo huandikwa kwa herufi kubwa mbele ya boksi. Kwa hiyo hapo hukudanganywa.

Kuhusu undugu, nitasema ukweli wote. Vitu hivi viwili vina pete ya kaboni sita iliyobeba oksijeni mbili zinazotazamana, na ndiyo maana majina yanafanana. Undugu unaishia hapo. Haidrokwinoni ni molekuli ndogo sana, uzito wake ni 110 tu, hupenya ngozi kwa urahisi, na huzuia kimeng'enya cha tairosinesi ambacho ngozi hukitumia kutengeneza rangi. Ikitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi wa daktari inaweza kuacha madoa meusi yenye rangi ya buluu ambayo ni vigumu mno kuyaondoa. Afrika Kusini iliiondoa katika vipodozi mwaka 1990 baada ya kuyaona madoa hayo kwa watu wengi. Ubikwinoni ina uzito wa 863, kwa kuwa pete yake imefungwa mkia mrefu wa kaboni hamsini, na nafasi zote za pete ambazo kwa haidrokwinoni ziko wazi, kwake zimezibwa. Isitoshe, mwili wako unaitengeneza wenyewe tangu ulipokuwa tumboni mwa mama yako, na hivi sasa imo katika moyo, ini, misuli na ngozi yako. Haiko katika orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku, si Kenya wala Tanzania.

Hofu ya wifi ielekezwe kwingine. Kuna krimu zinazoandikwa Q10 mbele ya boksi huku ndani yake mna steroidi, zebaki au haidrokwinoni ambazo hazikuandikwa kabisa. Ukiona krimu inayodai kuondoa mikunjo inakung'arisha uso ndani ya wiki moja, isimamishe, kwa maana Q10 haina uwezo huo. Angalia kama boksi lina jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Huko kwenu usimamizi wa vipodozi umekuwa chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, tangu mwaka 2019. Huku kwetu Kenya ni KEBS, shirika la viwango la hapa.

MwalimuWaBaiolojia:

Mfamasia amemaliza suala la usalama, kwa hiyo mimi nitashughulika na madai ya mwenye duka, ambayo kwa maoni yangu yana nusu ya ukweli, na nusu yenyewe si ile anayoidhania.

Dutu hii iligunduliwa mwaka 1957, pale Frederick Crane na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, walipoitenga kutoka katika mitokondria, yaani vijumba vidogo vya kuzalisha nguvu ndani ya seli, za mioyo ya ng'ombe. Mwaka uliofuata kundi la Karl Folkers, lililokuwa likifanya kazi katika kampuni ya Merck, likabainisha muundo wake kamili. Uteuzi wa moyo haukuwa wa kubahatisha, kwa sababu moyo haupumziki na seli zake zimejaa mitokondria. Kazi yake humo ni ya usafirishaji. Chakula kinapovunjwavunjwa, elektroni zake hupokelewa na mashine mbili za protini zilizopachikwa katika utando wa ndani wa mitokondria, nazo zinatakiwa zifike kwenye mashine ya tatu. Ubikwinoni huogelea ndani ya mafuta ya utando huo kama pantoni ya Kigamboni: hupakia elektroni mbili upande mmoja, ikageuka kuwa ubikwinoli, ikavuka, ikashusha upande wa pili, na kurudi tupu kupakia tena. Safari hizo husaidia kusukuma protoni upande mmoja wa utando, na msukumo wa protoni zinazorudi ndio unaotengeneza ATP, molekuli ambayo seli huitumia kama nguvu ya kufanyia kazi zake. Peter Mitchell alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1978 kwa kuueleza utaratibu huo.

Sasa ona kosa linapoingia. Q10 si nguvu, wala si chakula cha seli. Ni chombo cha kuvusha tu, na kuongeza vyombo pale ambapo havikupungua hakuongezi abiria. Tena, krimu hupakwa juu ya tabaka la nje kabisa la ngozi, ambalo ni seli zilizokwisha kufa na ambazo hazina mitokondria hata moja. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba krimu "inazipa seli nguvu", lazima kwanza atueleze ni kiasi gani kimevuka tabaka hilo lililokufa, kikafika kwenye seli hai zilizo chini yake, kikaingia ndani ya seli, na hatimaye kikaingia ndani ya mitokondria. Kila hatua ina upotevu wake.

Nusu iliyo ya kweli inatokana na kazi ya pili ya molekuli hiihii. Ikiwa katika umbo la ubikwinoli, yaani ikiwa imebeba elektroni, inaweza kuitoa elektroni hiyo kwa radikali huru, yaani molekuli korofi iliyopungukiwa elektroni, inayokaribia kuunguza mafuta ya utando wa seli, na kuikatisha kabla uharibifu haujasambaa kutoka molekuli moja ya mafuta hadi nyingine. Vilevile huirudishia vitamini E uwezo wake baada ya vitamini hiyo kujitoa mhanga kwa kazi kama hiyo. Ndiyo antioksidanti (kinga dhidi ya uharibifu wa namna hiyo) pekee inayoyeyuka katika mafuta ambayo mwili wa binadamu unaitengeneza wenyewe, na tabaka la juu la ngozi, ambalo ndilo linalopigwa na jua, lina akiba yake takribani mara kumi kuliko tabaka la ndani. Akiba hiyo hupungua kadiri umri unavyosonga, na mionzi ya jua huila pia. Kwa kazi hii haihitajiki kufika ndani ya mitokondria: mafuta yanayounguzwa na jua yapo hata juu kabisa ya ngozi, na Q10 iliyobaki hapo bado ina la kufanya.

Kwa hiyo, dada, ningekuwa mimi ningeifuta katika boksi sentensi ya nguvu na kuiacha ya antioksidanti.

MzeeWaUpanga:

Ninamheshimu Mwalimu, lakini naona amewapunguzia wafanyabiashara adhabu. Inafahamika katika fani ya dawa za kupaka kwamba molekuli yenye uzito unaozidi 500 hupata shida kubwa kupenya ngozi yenye afya, na hapa tumeambiwa kwamba hii ina 863. Tena, tafiti maarufu kuhusu Q10 ya kupaka zimetoka kwa nani? Ule wa mwaka 1999, uliochapishwa katika jarida la BioFactors na ambao hunukuliwa kila mahali, ulifanywa na watafiti wa Beiersdorf ya Hamburg, kampuni yenye Nivea, mwaka mmoja tu baada ya kampuni hiyo kuingiza krimu ya Q10 sokoni. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mimi ningemshauri dada anunue mafuta mazuri ya kawaida na fedha inayobaki anunue samaki.

MwalimuWaBaiolojia:

Mzee wangu, hoja ya nani alilipia utafiti ni ya haki kabisa, nami nilipaswa kuitaja. Utafiti uliofuata mwaka 2015, ulioonyesha kwamba krimu zenye Q10 huongeza kiwango chake juu ya ngozi na katika tabaka lake la juu, nao umetoka katika nyumba hiyohiyo. Hiyo haiufanyi kuwa uongo, ila inatutaka tusiyachukulie makadirio yake kuwa ya juu kabisa ya uhakika. Kuna utafiti wa Slovenia wa mwaka 2017, uliotumia Q10 ya kunywa na si ya kupaka, ambao uliona mikunjo ikipungua na ngozi ikiwa laini zaidi, lakini unyevu wa ngozi na unene wa tabaka la ndani havikubadilika kwa kiasi cha maana. Matokeo ya namna hiyo, yenye ndiyo na hapana ndani yake, huwa nayaamini zaidi kuliko yale ambayo kila kipimo kimepanda.

Kuhusu uzito wa 500, hiyo ni kanuni ya jumla iliyo nzuri kwa anayetaka dawa ipite ngozi hadi kwenye damu. Q10 haitakiwi ifike kwenye damu. Inapenda mafuta, na nafasi zilizo kati ya seli zilizokufa za juu zimejaa mafuta, kwa hiyo sehemu kubwa hukaa hapo na sehemu ndogo hushuka kidogo. Ukubwa wake ndio uliowafanya wenye viwanda waigeukie idebenoni, molekuli ya kutengenezwa yenye kichwa kilekile na mkia mfupi, uzito wake ukiwa 338. Hiyo hupenya vizuri zaidi, lakini imeripotiwa kuwasababishia baadhi ya watu mzio wa ngozi. Wepesi wa kupenya una gharama zake, nami sioni sababu ya dada yetu kuikimbilia.

Samaki nakubaliana nawe bila ubishi. Dagaa, vibua, nyama na karanga vyote vina Q10, ijapokuwa ni miligramu chache tu kwa siku.

LosheniZaMoshi:

Mimi ni mtengenezaji mdogo wa losheni na sabuni, na Q10 nimeishika kwa mikono yangu, kwa hiyo naomba nijibu suala la kopo na dirisha, ambalo wenzangu wamelipita.

Q10 safi huja ikiwa unga wa rangi ya manjano inayokaribia chungwa, hauna harufu ya kutajika, na hauyeyuki katika maji hata ukoroge mchana kutwa. Huyeyuka yenyewe kwenye joto la nyuzi 48 hadi 50 hivi, kwa hiyo huiingiza katika mafuta yaliyopashwa moto. Shida huja mafuta yanapopoa. Ukiwa umezidisha kiasi, au umetumia mafuta yasiyoichukua vizuri, hujirudia kuwa fuwele. Krimu huonekana nzuri siku ya kwanza, lakini baadaye ukiichukua kidogo na kuisugua kati ya kidole gumba na cha shahada unasikia punje ngumu, na ukiitandaza kwenye kioo unaziona alama za manjano iliyokolea katikati ya krimu iliyopauka. Q10 iliyo ndani ya punje haifanyi kazi yoyote kwenye ngozi, kwa sababu haikuyeyuka. Dada, fanya jaribio hilo leo, halitakugharimu chochote.

Kisha kuna mwanga. Kitu hiki huharibika kikipigwa na jua, na jambo jema ni kwamba kinajishtaki chenyewe kwa rangi: krimu iliyokuwa ya manjano hafifu huanza kupauka, kwanza pale juu na ubavuni palipoelekea dirishani. Kama kopo lako ni la kioo kisicho na rangi, lifungie kabatini, wala si ndani ya gari wala juu ya meza yenye jua. Kwa ununuzi wa mara nyingine chagua tyubu isiyopitisha mwanga au chupa ya kubonyeza, kwa kuwa kopo la mdomo mpana huingiza hewa na vidole kila usiku. Angalia pia kichoro cha kopo lililo wazi chenye namba kama 6M au 12M; hiyo ni miezi ya kutumia baada ya kulifungua, wala haihusiani na tarehe ya mwisho ya matumizi iliyopigwa mhuri.

Kuhusu ubikwinoni kuandikwa baada ya manukato, usikate tamaa. Utaratibu unaofuatwa Ulaya na sehemu nyingi ni kwamba viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kichache, lakini vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa kwa namna yoyote. Q10 hutumika katika kiasi cha chini ya asilimia 1 hata katika krimu zilizotengenezwa kwa uaminifu, kwa sababu ni ghali na kwa sababu ukizidisha unapata zile punje nilizozisema. Nafasi yake katika orodha, kwa hiyo, haikuambii kama ni nusu asilimia au ni chembe iliyotiwa ili jina liandikwe. Rangi husaidia kidogo: krimu yenye Q10 ya kutosha, isiyotiwa rangi nyingine, haiwezi kuwa nyeupe pepe.

Jambo la mwisho ninalisema kwa msisitizo, kwa sababu wateja wangu huliuliza kila mara: Q10 si kinga ya jua. Mionzi inayoinyonya zaidi ni ya nanomita 275 hivi, na mionzi ya urefu huo huzuiwa na ozoni isifike ardhini. Ile inayotuunguza hupita. Alinijia mama mwenye mtoto mwenye ualbino akitaka kubadilisha mafuta ya mtoto na krimu ya Q10 kwa kuwa aliambiwa "inazuia madhara ya jua". Nilimrudisha KCMC, hospitali kubwa ya rufaa ya hapa Moshi, ambako kuna kiwanda kidogo kinachotengeneza mafuta ya kukinga jua mahsusi kwa watu wenye ualbino, nikamwambia kwamba kofia pana na mikono mirefu vina thamani kuliko kila kitu ninachokiuza mimi. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi kama yako, dada, hatari ni ndogo zaidi, lakini mikunjo ya pembeni mwa macho huletwa kwa kiasi kikubwa na jua hilohilo. Krimu ya Q10 usiku bila kinga yoyote mchana ni kazi ya kuchota maji kwa pakacha.

BintiWaTanga:

Nawashukuru nyote. Nimelifanya jaribio la vidole na sikusikia punje, ila upande ulioelekea dirishani umepauka kweli, tofauti inaonekana kwa macho. Kopo nimelihamishia kabatini.

Limezuka jambo lingine. Wifi baada ya kusoma majibu haya amebadilika, sasa anataka kumnunulia mama mkwe vidonge vya Q10 vya kumeza, kwa kuwa ngozi ya mama imesinyaa na analalamika kuchoka. Mama anatumia dawa ya kushusha lehemu, na nyingine ya kufanya damu isigande, inaitwa warfarini. Je, kuna ubaya?

MfamasiaKisauni:

Hapo simameni kwanza, tena nafurahi umeuliza kabla ya kununua. Krimu na kidonge ni mambo mawili tofauti, kwa sababu ya kupaka hubaki kwenye ngozi, na ya kumeza huingia katika damu.

Dawa za kushusha lehemu za jamii ya statini huzuia hatua ya mwanzo ya njia ambayo ini huitumia kutengeneza lehemu, na njia hiyohiyo, mbele kidogo, ndiyo inayotengeneza mkia wa Q10. Ndiyo maana watu wanaotumia statini huwa na kiwango cha chini cha Q10 katika damu, na ndiyo maana wauzaji huwalenga. Hata hivyo, tafiti za kuona kama vidonge vya Q10 huondoa maumivu ya misuli yanayoletwa na dawa hizo zimetoa majibu yanayopingana, kwa hiyo asiahidiwe kupona uchovu, na kwa vyovyote asiache dawa yake ya lehemu.

Kikwazo kikubwa ni warfarini. Umbo la Q10 linafanana kiasi na la vitamini K, ambayo ndiyo warfarini hupambana nayo, na yameripotiwa matukio ya watu ambao dawa yao ilipungua nguvu baada ya kuanza vidonge vya Q10. Kwa mgonjwa anayezuiwa damu isigande, upungufu huo unaweza kumaanisha donge la damu miguuni au kiharusi. Mama asianze kidonge chochote cha Q10 mpaka daktari wake wa kliniki ajue, na akiruhusu, kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kirudiwe mapema na kwa ukaribu zaidi katika majuma ya mwanzo. Uchovu wa mama nao utajwe kliniki kama dalili, apimwe wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo, kwa maana uchovu wa mzee anayetumia dawa hizi mbili una sababu nyingi zinazotibika.

Kama ni ngozi tu iliyosinyaa, mama anaweza kupaka krimu kama yako bila wasiwasi wa warfarini, akiijaribu kwanza kwa siku mbili tatu kwenye sehemu ndogo ya ndani ya mkono.